Godzilla, Hatia na Mwanaume Anayejilaumu kwa Kubaki Hai

Najua ukiona jina la Godzilla kwenye kurasa hizi za mahusiano utajiuliza kama mhariri wako yuko sawa. Niko sawa. Naomba tu univumilie kidogo, maana jambo ninalotaka kulisema mwezi huu nimelibeba miaka sita, na bila hilo dubwana pengine nisingelisema kabisa.

Ilikuwa Jumamosi jioni, mvua inanyesha, mtoto kashalala. Pale nyumbani tuna utaratibu wa kupokezana rimoti: wiki hii wewe, wiki ijayo mimi. Zamu ilikuwa ya mume wangu. Mimi nilitamani kitu cha mapenzi, yeye akasema leo anataka kumwangalia mjusi. Nikakubali shingo upande, nikajikunja kwenye kochi na simu yangu mkononi, nikijua nitaperuzi mpaka usingizi unichukue.

Nakiri nilikuwa na dharau. Godzilla niliyemjua mimi ni yule wa Marekani, wa mwaka 1998, aliyekwenda kutaga mayai katika ukumbi wa Madison Square Garden kule New York. Tulimwona kwenye kibanda umiza, tumebanana kwenye mabenchi, mkanda umechakaa mpaka hujui ipi ni mvua ya kwenye picha na ipi ni mikwaruzo. Tulicheka, tukapiga kelele, tukarudi nyumbani tukachapwa kwa kuchelewa. Basi. Nilichokumbuka ni mayai na kuchapwa.

Hii aliyoiweka mume wangu ni nyingine. Inaitwa Godzilla Minus One, ya Kijapani, imeongozwa na Takashi Yamazaki, na kwao ilianza kuonyeshwa tarehe 3 Novemba 2023. Maana ya jina ni kwamba Japani ilipomaliza vita mwaka 1945 ilikuwa imefika sifuri, halafu likaja dubwana kuivuta chini ya hapo. Machi 2024 picha hiyo ilichukua tuzo ya Oscar ya ujanja wa picha, Oscar ya kwanza kwa Godzilla katika miaka 70 ya uhai wake. Vipande 610 vya ujanja huo vilitengenezwa na watu 35 tu. Lakini si kwa ajili ya hayo nimeshika kalamu. Kama hujaiona na hutaki kuharibiwa uhondo, geuza ukurasa, urudi ukishaitazama. Mimi nitaisimulia yote.

Rubani aliyekataa kufa

Stelingi wa picha hii si jasiri. Anaitwa Koichi Shikishima (ameigizwa na Ryunosuke Kamiki), rubani kijana wa kikosi cha kamikaze, wale waliotumwa kubamiza ndege zao kwenye meli za adui na kufa humo humo. Jina lake si la bahati mbaya. Shikishima ni jina la kale ambalo washairi wa Kijapani waliitumia kuitaja nchi yao, na mojawapo ya vikosi vya mwanzo kabisa vya kamikaze, kule Ufilipino Oktoba 1944, kiliitwa hivyo hivyo. Yaani huyu kijana amebeba jina la nchi na jina la kifo kwa pamoja.

Naye anaogopa. Vita vinaelekea mwisho, kila mtu anaona vimeshindwa, na mama yake amemwandikia barua akimwambia arudi hai. Basi anatua kwenye kisiwa kidogo kiitwacho Odo, penye mafundi wa kutengeneza ndege, anasema ndege ina hitilafu. Fundi mkuu, Tachibana, anaikagua yote, haoni kitu. Wote wanaelewa. 

Usiku dubwana linatoka baharini. Hapo bado si kubwa kama litakavyokuwa, ila linatosha kuua. Tachibana anamwomba Shikishima apande kwenye ndege yake afyatue mzinga, maana yeye ndiye pekee anayeujua. Anapanda. Anakaa. Anashika kitufe. Mkono unagoma. Asubuhi mafundi wote wamekufa isipokuwa Tachibana, na yeye ameumia mguu. Ndani ya meli ya kuwarudisha nyumbani, Tachibana anamkabidhi kifurushi, haongei neno. Anakifungua: ni picha za familia za wale mafundi. Wake zao, watoto wao, wazazi wao, wametulia mbele ya kamera.

Hapo simu yangu nilishaiweka chini.

Shikishima anafika Tokyo, mtaa wao ni majivu. Ukumbuke usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Machi 1945 ndege za Marekani zililipua Tokyo kwa mabomu ya moto, na inakadiriwa watu wapatao 100,000 walikufa usiku ule mmoja. Wazazi wake hawapo. Aliyebaki ni jirani, mama mmoja anaitwa Sumiko, ambaye watoto wake wameungua. Anamwona rubani wa kamikaze kasimama mbele yake mzima, na anaelewa haraka. Anampiga. Anamwambia kama watu kama yeye wangefanya kazi yao, watoto wake wasingekufa.

Mume wangu akabonyeza rimoti, picha ikasimama kwenye uso wa yule mama.

"Huyu mama yuko sahihi," akasema.

Nikamwambia hapana, huyu mama ana uchungu tu, kijana mmoja angezuia vipi mabomu ya Tokyo? Akanitazama kama vile nimeongea lugha ngeni. "Wewe hujui," akasema, akairuhusu picha iendelee.

Siti ya dirishani

Naomba nitoke Japani kidogo.

Miaka sita iliyopita mume wangu alikuwa asafiri kwenda kwao mkoani, kupeleka hela ya kumalizia paa la nyumba ya mama yake. Tiketi alikata mwenyewe, siti ya dirishani, kwa sababu anapenda kulala akiegemea kioo. Ijumaa usiku akampigia mdogo wake, akamwomba aende badala yake. Mdogo wake alifurahi hata, alikuwa hajaenda nyumbani tangu Krismasi. Basi halikufika.

Kwenye matanga, tumekaa kwenye mkeka na wanawake wa ukoo, shangazi mmoja akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka kule kwa wanaume: "Hivi ile siti ilikuwa ya nani?" Hakujibiwa. Wanawake walijifanya wanashughulika na vikombe. Lakini mume wangu alikuwa mlangoni na sinia la chai, na alisikia.

Tangu siku hiyo nimeishi na mwanaume mwema ambaye hakuwepo. Sijui nikueleze vipi. Si mlevi, si mkali, hela ya nyumba analeta. Ada ya mtoto wa marehemu anailipa kabla ya ya kwetu. Ila kiwanja tulichonunua hajawahi kukiwekea hata tofali, kila mwaka ana sababu. Keki ya siku yake ya kuzaliwa aliigawa kwa mlinzi bila kuionja. Tukipiga picha ya familia yeye ndiye mpiga picha. Nikimwuliza una nini, anasema nimechoka tu. Nilidhani ana mtu mwingine. Jamani, nilipekua mpaka simu. Mtu mwingine alikuwepo kweli, ila alikuwa kaburini.

Ndiyo maana picha ilipoendelea sikuweza tena kuitazama kama picha ya mjusi.

Nyumba isiyo na ndoa

Kwenye magofu ya Tokyo Shikishima anakutana na msichana anayekimbia na mtoto mchanga. Anaitwa Noriko (ni Minami Hamabe). Mtoto, Akiko, si wake, alikabidhiwa na mama aliyekuwa anakata roho. Wanahamia kwenye kibanda cha Shikishima bila kukaribishwa na bila kufukuzwa. Yule jirani Sumiko, aliyempiga, analeta mchele wake mwenyewe kwa ajili ya uji wa mtoto. Hasemi samahani. Hapo ndipo nilipoanza kumpenda mwandishi wa hii picha, ambaye ni Yamazaki mwenyewe.

Miaka inakwenda. Shikishima anapata kazi ya hatari yenye mshahara mzuri, kutegua mabomu yaliyoachwa baharini. Boti yao ni ya mbao, kwa sababu mabomu hayo yanalipuka yakinusa chuma. Noriko anakasirika: umerudi hai kutoka vitani ili ukafie huko? Anamwahidi hatakufa. Wenzake wa kwenye boti wanakuja nyumbani, wanakunywa, wanauliza mnaoana lini. Anasema yule si mke wangu. Mtoto anamwita baba, anamwambia mimi si baba yako.

Wanawake mnaosoma hapa, mmeshakutana naye huyu, eti? Si lazima awe rubani. Ni mwanaume anayekujengea nyumba halafu analala sebuleni. Tumezoea kusema haogopi kitu ila anaogopa ndoa, au kwamba anakuchezea. Mara nyingi ni kweli anakuchezea, na huyo mwache. Lakini wapo wanaojinyima kwa sababu nyingine: wanaona furaha ni mali ya watu waliokufa, na wao wakiigusa wanaiba.

Kuna usiku Shikishima anaamka kutoka kwenye jinamizi, anamshika Noriko, anamwuliza kama kweli wako hai. Anahisi labda alikufa siku ile kisiwani, na mke, mtoto, kibanda, vyote ni ndoto ya maiti inayooza Odo. Mwandishi yeyote wa kawaida angempa Noriko hotuba. Huyu hakumpa. Noriko anamkumbatia, basi, asikie mwili wenye joto.

Robert Jay Lifton, daktari wa akili wa Marekani, alikwenda Hiroshima mwaka 1962 kuwahoji watu waliopona bomu la atomiki la mwaka 1945, akaandika kitabu kikubwa kuhusu hatia ya aliyebaki hai. Alikuta watu wanaojiona wameingia mkataba na wafu, kwamba uhai wao umelipiwa na mtu mwingine. Wengi hawakuwa wamefanya kosa lolote. Labda walikimbia bila kumvuta aliyelia chini ya kifusi, na moto ulikuwa unakuja. Hatia hiyo huwezi kuifuta kwa hoja, maana haikuingia kwa hoja. Mimi nilikuwa nampa mume wangu hoja kwa miaka sita. "Si wewe uliyeendesha basi." "Ajali ni ajali." "Siku zake zilifika." Yote ni kweli, na yote yalikuwa yananisaidia mimi zaidi yake.

Dubwana la mwaka 1954

Usidhani majonzi haya ameyabuni Yamazaki. Yamo kwenye damu ya Godzilla tangu mwanzo, ni sisi tuliopewa mayai. Nilikwenda kuitafuta ile ya kwanza kabisa, Gojira, ya mwongozaji Ishiro Honda, iliyotoka tarehe 3 Novemba 1954, tarehe na mwezi ule ule uliochaguliwa kwa hii mpya. Ya rangi nyeusi na nyeupe, mtu kavaa ngozi nzito ya mpira anabomoa nyumba ndogo za kuchongwa. Nilitegemea kucheka. Sikucheka.

Machi 1, 1954, Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini huko Pasifiki. Boti ya wavuvi wa Kijapani, Lucky Dragon namba 5, ilikuwa nje ya eneo lililotangazwa kuwa la hatari, lakini majivu yaliwaangukia wavuvi wote 23. Wakarudi bandarini wanaumwa. Mmoja wao, Aikichi Kuboyama, alifariki Septemba mwaka huo. Gojira inaanza na meli na mwanga mkali baharini, na watu wa Japani waliokaa kwenye viti vya sinema miezi michache baadaye hawakuhitaji kuelezwa. Honda mwenyewe alikuwa askari, na wakati anarudi kutoka China baada ya vita alipita Hiroshima akaiona ilivyokuwa.

Kuna kipande humo sitakisahau. Mji unawaka, mama amechuchumaa ukutani amewakumbatia watoto wake, anawaambia sasa hivi tutakwenda kwa baba. Sekunde chache tu, halafu picha inaendelea na mambo mengine. Baba ameshakufa, hatuambiwi zaidi.

Na wapo wenye hatia pia. Mwanasayansi Serizawa amegundua silaha inayoweza kumuua Gojira, lakini anajua ikishatumika mara moja serikali za dunia zitaitaka. Anachoma karatasi zake, anazama na silaha yake baharini, halafu anakata kamba yake ya hewa makusudi, ili siri ife naye. Watu wengi humsifu. Mimi namwonea huruma mchumba wake, Emiko, aliyempenda mwanaume mwingine na ndiye aliyeitoa siri yake, na sasa atabaki juu ya maji na hilo moyoni. Hakuna aliyetengeneza picha kuhusu Emiko baada ya hapo. Ningeilipia tiketi.

Miaka 69 baadaye Yamazaki ni kama anamjibu Serizawa. Kufa si lazima kuwe ndiyo malipo.

Ginza

Turudi kwenye kochi.

Mwaka 1946 majaribio ya atomiki ya Marekani pale Bikini (hayo ni ya kweli, Operesheni Crossroads, Julai 1946) yanalichoma lile dubwana, linakua mara nyingi zaidi. Mwaka 1947 linatia mguu Ginza, mtaa wa maduka makubwa wa Tokyo, na Noriko anafanya kazi huko. Alitafuta kazi mwenyewe, anataka kujitegemea ili Shikishima awe huru kuoa mtu anayemtaka. (Na hapo, kwa kweli, Noriko ameandikwa mpole kupita kiasi. Mimi ningeshamrushia sufuria.) Shikishima anamkimbilia, anamkuta katikati ya umati, wanakimbia pamoja. Dubwana linatema miale, wimbi la mlipuko linakuja barabarani. Noriko anamsukuma Shikishima kwenye uchochoro. Yeye anapeperushwa.

Halafu ukimya. Shikishima anatoka uchochoroni, mtaa haupo, mvua nyeusi inaanza kunyesha, kama ile iliyonyesha Hiroshima. Anapiga magoti, anapiga ukelele ambao hauna maneno.

Mtu mwingine amekufa kwenye siti yake.

Hapo nililia, na sikulia kwa ajili ya Noriko. Kwa sababu kuna jambo mume wangu halisemi, na mimi nilikuwa silisemi zaidi. Ile Jumamosi aliyotakiwa kusafiri ilikuwa siku ya sendoff ya mdogo wangu wa kike. Ni mimi niliyemwambia asiende. Nilimwambia, na maneno nayakumbuka yalivyo, kwamba sitakaa kwenye meza ya familia peke yangu kama mjane. Akacheka, akachukua simu, akampigia mdogo wake.

Shangazi aliuliza siti ilikuwa ya nani. Hakuna aliyeuliza nani aliyemfanya mwenye siti abaki. Nilikaa pale kwenye mkeka, nikakunja kanga, nikamwacha mume wangu aubebe ule msiba peke yake mbele ya ukoo wake. Miaka sita nimekuwa nikimshauri ajisamehe, mimi mwenyewe nimejificha nyuma ya mgongo wake.

Vita vya kuishi

Sehemu ya mwisho ya picha wanaume wanapenda kuisimulia kwa ajili ya manowari na mpango wa kulizamisha dubwana kwenye ghuba ya Sagami kwa mapovu ya gesi. Sawa. Mimi nilichokipenda ni mkutano. Serikali haisaidii, Wamarekani wanakaa pembeni, kwa hiyo waliokuwa wanajeshi wanakusanyana wenyewe. Noda, mhandisi wa ile boti ya mbao, anasimama kuwaambia kwamba nchi yao iliwachezea sana roho za watu: vifaru vyenye ngozi nyembamba, askari walioachwa wafe kwa njaa na magonjwa, ndege zisizo na kiti cha kumrusha rubani nje, na mwisho kamikaze. Safari hii, anasema, anataka pasife mtu. Na asiyetaka aende nyumbani, hatalaumiwa. Baadhi wananyanyuka wanaondoka kweli, wana familia. Kamera haiwacheki.

Mwenzao mdogo kabisa, Mizushima, hakuwahi kwenda vitani na anaona aibu. Wanaomzidi umri wanamwambia kutokwenda vitani ni jambo la kujivunia.

Shikishima ana mpango wake. Amepata ndege ya kivita, Shinden, anataka ijazwe mabomu aibamize mdomoni mwa dubwana. Yaani amalize kile alichokikwepa. Kwa kazi hiyo anamtaka fundi mmoja tu, Tachibana, na kwa kuwa hampati, anatuma barua za uongo zinazomlaumu Tachibana kwa vifo vya Odo, ili aje kwa hasira. Anakuja, anampiga vizuri tu. Ndipo wanazungumza. Mtu pekee anayeweza kumfungua ni yule aliyekuwepo, ambaye naye amekuwa akimlaumu miaka yote.

Tachibana anaitengeneza ndege. Anafunga mabomu. Anafunga na kitu kingine, kiti cha kumrusha rubani nje, anamwonyesha kamba ya kuvuta, anamwambia aishi. Kimya kimya mume wangu aliniongezea shuka miguuni wakati huo, sijui kwa nini nakumbuka.

Anaibamiza ndege, dubwana linaangamia, na mwamvuli unafunguka angani. Bandarini Sumiko anamsubiri na telegramu. Noriko yuko hospitali, amefungwa bandeji, yuko hai. Anamwuliza kama vita vyake vimekwisha. Analia, anakubali kwa kichwa.

Sikupenda. Nasema ukweli, nilikasirika. Sisi wengine hakuna telegramu iliyokuja, na mtu hafi Ginza halafu akakutwa wodini kwa sababu watazamaji wana huzuni. Nilitaka kuzima. Mume wangu akasema subiri, tazama shingo yake. Kuna alama nyeusi inatambaa shingoni kwa Noriko, chini ya bandeji, na kule chini baharini kipande cha nyama ya dubwana kinaanza kuumuka upya.

"Haijaisha," akasema. "Anajua haijaisha, na bado anamkumbatia."

Majina yakaanza kupanda kwenye TV. Nikamwambia. Nilimwambia habari ya sendoff, meza, neno mjane, kanga niliyoikunja. Nilidhani atanyanyuka aondoke. Akasema, "Kwani ulidhani nimesahau? Nilikuwepo." Kimya kirefu. Halafu akasema alikuwa anaogopa siku nitakayolitaja, kwa sababu siku hiyo tungekuwa wawili, na yeye hakutaka tuwe wawili kwenye hilo shimo. Nikamwambia tumekuwa wawili muda wote, ila kila mtu na kona yake.

Hatukumaliza vizuri. Kesho yake hakuongea mpaka saa nane mchana, alikuwa anaosha gari ambalo halikuwa chafu. Kuna wiki mbili nilijuta kufungua mdomo. Halafu jioni moja akaanza, bila kuulizwa, kunisimulia mdogo wake alivyokuwa mwizi wa nyama jikoni, na tukacheka mpaka mtoto akaamka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa jina lile kutajwa ndani ya nyumba yetu bila watu kuinamisha vichwa.

Ukiniuliza ufanye nini kama unaishi na Shikishima wako, nitakuambia kidogo tu. Punguza hoja. Usimharakishe kwa kalenda yako. Kama ana usiku asiolala, miezi inapita, anasema anatamani angekufa yeye, hilo si la mke peke yake, mtafuteni daktari au mshauri nasaha, na usione aibu kumsindikiza mpaka mlangoni. Na kabla ya yote hayo, jiangalie wewe unaficha nini.

Mwezi uliopita alikwenda kwa mama yake akalala siku nne, mara ya kwanza kulala pale tangu arobaini. Paa lilishamaliziwa zamani, alikuwa anatuma hela tu. Shangazi hakutokea. Alisafiri na basi, na aliponipigia kutoka stendi nilimwuliza amekaa siti gani, akasema ya dirishani.

Makala haya nilimpa ayasome kabla hayajaenda kiwandani. Alikaa nayo jioni nzima. Akaomba niondoe vitu viwili, jina la mdogo wake na jina la kijiji chao. Nimeviondoa.